Mwalimu wa Kamba

Mwalimu amelala sasa katika shamba ambalo hakuruhusiwa kulilima. Nimeanza na jambo hilo kwa sababu ndilo linalonikaa moyoni, na kwa sababu wengine wote waliomjua huanza na lingine, kwamba alikuwa kipofu. Ni kweli alikuwa kipofu, tangu utotoni, hakuona hata mwanga. Lakini mimi nikimkumbuka, upofu hauji kwanza. Linalokuja kwanza ni swali lake. Hakuwa mtu wa "habari ya asubuhi". Akishatambua sauti yako alikuuliza, "Umepanda nini?" Aliwauliza hivyo hata watu wa mjini wanaoishi chumba kimoja, hata wahubiri, hata daktari aliyekuwa akimpima kifua. Mtu akijibu kwamba hana shamba, Mwalimu alisema "Pole", kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari za msiba.

Yeye mwenyewe hakutaka kuambiwa pole.

Jina lake sitalitaja. Katika kituo alikofundisha wasioona tulimwita Mwalimu, na hata alipohamia mtaa wa Munyaka, ambako hakumfundisha mtu, majirani walimwita Mwalimu. Nyumbani kwao pia sitapataja, maana waliopo huko ni watu, na huenda wana maelezo yao ambayo mimi sikuyasikia.

Nilimfahamu kwa sababu ya mume wangu, Barasa. Barasa alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mbao hapa Eldoret. Macho yake yalianza kufifia pembeni, kama mtu anayefungiwa dirisha polepole, na tulipofika hospitali wakasema ni presha ya macho na tumechelewa. Kazi ikaisha. Tukarudi Kapseret, kwenye shamba ambalo baba yake aliwaachia yeye na ndugu zake, na Barasa akaketi. Kiti chake kilikaa ukutani. Asubuhi nilikiweka upande wa jua, mchana nikakihamishia kivulini. Watu walikuja kusema pole, wakaleta sukari. Kazi yangu ikawa kulima, kukamua na kuhamisha kiti.

Wakati huo hakuna aliyeona vibaya. Mtu akipofuka, wazuri walimlisha na wabaya walimpeleka barabarani na kikombe. Njia ya tatu hatukuijua. Ndipo mama mmoja wa ofisi ya ustawi wa jamii alipotuambia kuna kituo nje kidogo ya mji, kinachoendeshwa na watu wa kanisa, ambako wasioona wanafunzwa kazi na kurudishwa makwao. Barasa alikataa. Alisema hawezi kwenda kusuka vikapu na vipofu. Alisema "vipofu" kana kwamba yeye hayumo. Ilichukua muda, na machozi yangu, kumtoa kitini.

Siku nilipompeleka, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu alikuwa amesimama langoni akitafuna muwa.

"Nani anamvuta mwenzake?" akauliza. "Nasikia viatu viwili vinatembea, viwili vinaburuzwa."

"Ni mimi na mume wangu, tumetoka Kapseret," nikasema. "Yeye haoni."

"Na wewe Mama, huoni?"

"Mimi naona."

"Basi wewe rudi nyumbani. Hapa tunafunza wasioona."

Barasa akauachia mkono wangu. "Huyu ni nani anaongea hivi?"

"Kipofu mwenzako. Umepanda nini?"

"Nitapanda aje na sioni?"

"Wee! Kwani huko Kapseret mnapanda na macho?" akasema Mwalimu, akatema makapi ya muwa. "Sisi huku tunapanda na mikono."

Barasa alikuwa hajacheka kwa muda mrefu, na siku hiyo pia hakucheka. Alikasirika sana. Lakini kwa mtu aliyekaa kitini vile, kukasirika nako ni kuamka. Aliingia lango lile akibishana, na mimi nikarudi nyumbani peke yangu, mkono wangu ukiwa hauna wa kumshika.

Nilikwenda kumwona kila nilipoweza, na hivyo nikajua mafunzo yale yalivyokuwa. Kituo kilikuwa na mabweni mawili, karakana na shamba. Karakanani walisuka mikeka na viti na kutengeneza brashi za kusugulia sakafu. Wanawake walifuma sweta. Wachache wenye bahati na Kiingereza walifunzwa kupokea simu, na nilisikia kwamba mmoja wao aliajiriwa katika kiwanda cha nguo akawaunganisha wakubwa kwa miaka. Shambani ndiko kulikuwa kwa Mwalimu.

Kamba yake ilikuwa ya katani, imepigwa mafundo, na kila fundo lilikuwa mahali pa shimo la mahindi. Kigingi kimoja kilikaa mwanzo wa mstari, kingine mwisho. Unainama, unaifuata kamba kwa mkono wa kushoto, ukikuta fundo unapiga jembe, unatia mbolea na udongo kidogo, unaweka mbegu, unafunika kwa mguu. Mstari ukiisha unalaza kijiti cha kipimo chini, unahamisha kigingi, unarudi upande wa pili unahamisha na kile kingine. Kupanda hakukuwashinda wengi. Palizi ndiyo iliyowatoa jasho. Jani changa la mahindi linajulikana kwa kidole, lina makali madogo pembezoni, na limesimama kwenye mstari. Chochote kilichoota nje ya mstari kiling'olewa.

"Na kama ni mahindi iliangukia hapo?" Barasa alimuuliza siku moja.

"Ng'oa."

"Si ni hasara?"

"Ukianza kuhurumia moja utahurumia magugu yote. Huruma hailimi."

Hilo alilisema mara nyingi, "Huruma hailimi", akiwaambia wanafunzi, akiwaambia jamaa waliokuja na mikate, akiwaambia hata wazungu wa kanisa walipokuja kukagua. Lingine alilolipenda ni la vibarua. Mgeni alipolia kituoni, na karibu kila mwanaume alilia juma la kwanza, Mwalimu aliketi kando yake kitandani akamwambia, "Sikiliza. Macho yalikuwa vibarua wawili. Wameacha kazi, wameenda. Lakini huyu yuko," akimpiga sikio kidogo, "na huyu yuko," akimshika mkono, "na huyu," akimbana pua mpaka acheke au amtukane. "Sasa wewe utafunga shamba mzima sababu ya vibarua wawili?"

Nimemsifu, basi niseme na mengine. Alikuwa mchoyo wa kusifu. Mtu alilima vizuri, akapitisha mkono kwenye mistari yote bila kosa, na Mwalimu akasema tu, "Haya." Barasa aliipata "haya" moja mwaka mzima, na mpaka leo anaitaja kama watu wengine wanavyotaja cheti.

Alichukia huruma, lakini aliitumia. Katika foleni ya hospitali au ya posta aliinua fimbo yake na kulia kwa unyonge, "Nipisheni jamani, mimi ni kipofu", na watu wakampisha, akapita mbele akiwa anatabasamu upande wa shavu ambao hawakuuona. Nilipomwambia kwamba hiyo si haki, alisema, "Mama Nekesa, wamezoea kunipa kitu ambacho sikitaki. Wacha siku moja wanipe kile nataka."

Wahubiri walimchosha. Mmoja wa mikutano ya mjini alimwekea mikono usoni, akamwombea kwa sauti kubwa apate kuona. Mwalimu alisimama kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema, "Asante. Sasa ombea mvua. Hiyo ndiyo imechelewa."

Na alikuwa mgumu kwa wanawake. Palikuwa na msichana mmoja kituoni, Jerono, mwenye mikono yenye nguvu na maneno machache. Alitaka kufunzwa shamba, Mwalimu akamrudisha kwenye sweta. Alisema mwanamke hapewi ardhi hata akiwa na macho, atampotezea wakati. Jerono alirudi mara tatu akikataliwa, kisha akaenda kwao, na sikusikia habari zake tena. Miaka mingi baadaye nilimtaja mbele ya Mwalimu. Hakujitetea wala hakukiri. Alitafuta fimbo yake akaondoka. Mtu aliyejua hivyo kunyimwa ardhi ni nini, alimnyima mwingine hata kujifunza. Sijui niliweke wapi jambo hilo, kwa hiyo naliacha hapa.

Barasa alipomaliza alipewa jembe, kamba na vigingi, kama waliomaliza wote, akarudi nyumbani. Asubuhi iliyofuata nilimsikia akipiga kigingi kabla sijakamua. Nilisimama mlangoni na ndoo mkononi. Sikumsaidia. Kituoni tulikuwa tumeambiwa, sisi jamaa, kwamba kosa kubwa nyumbani ni kusaidia.

Mstari wa pili ulikuwa haujaisha Simiyu alipotokea na baiskeli. Simiyu ni ndugu yake mkubwa. Aliitupa baiskeli chini.

"Barasa! Nani amekutuma kupima?"

"Kupima nini?"

"Si hii ni vigingi? Si hii ni kamba? Baba hajakauka kaburini na wewe umeanza kukata shamba!"

"Mimi napanda mahindi."

"Mahindi inapandwa na kamba? Unaniona mtoto?"

Sisi watu wa Uasin Gishu tunajua kwamba kamba ikionekana shambani, kesi iko njiani. Kamba na vigingi ni vya mpima ardhi, na mpima haji bila mtu kulia. Simiyu aling'oa vigingi akavirusha kwenye ua wa miiba, na kabla ya saa sita mdogo wao alikuwa amefika na panga, na naibu wa chifu amefika, na wazee wamekaa. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Mama Nekesa, sisi tunakuelewa. Lakini kipofu anajuaje mahindi iko wapi? Hapo kuna mtu mwenye macho anawatuma." Wakasema shamba lisiguswe mpaka wakae tena. Barasa alirudi kitini.

Nilikwenda kituoni kumwita Mwalimu. Alikuja siku ya kikao cha pili, ameshika bega langu, fimbo mkono wa pili. Alisalimia wazee mmoja mmoja. Kila mmoja wao Mwalimu alimuuliza amepanda nini, nao wakajibu, maana swali lile hata mtu aliyekasirika hulijibu. Kisha akaomba vigingi. Simiyu hakutaka kuvitoa. Mama mkwe wangu akamwambia, "Mpe. Ni miti tu."

Mwalimu hakuhutubia. Alivua koti akanipa. Akapiga kigingi, akavuta kamba, akainama, akaanza kupanda. Fundo, jembe, mbolea, mbegu, mguu. Fundo, jembe. Wazee walisimama wakamfuata kando kando kama watu wanaofuata jeneza. Alipofika mwisho wa mstari alihamisha kigingi, akarudi na mstari wa pili, na hapo mama mkwe wangu akaanza kucheka. Alicheka akashika tumbo.

"Simiyu! Umekuja kupigana na mahindi!"

Wazee nao wakacheka, na naibu wa chifu akacheka. Simiyu aliangalia chini. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa kabisa. Alisema, "Sawa. Na jioni je? Watu wakipita barabarani waone vigingi, watasema watoto wa marehemu wanagawana." Kikao kikaona ana neno. Ikaamuliwa kwamba Barasa alime na kamba yake mchana, na vigingi ving'olewe kila jioni. Barasa aliacha kijiwe mahali pa kila kigingi ili asubuhi akipate kwa mguu. Miaka mingi tulifanya hivyo, kupiga asubuhi na kung'oa jioni, mpaka shamba lilipogawanywa kwa amani na hakuna aliyejali tena.

Nilipokuwa nikimrudisha Mwalimu siku ile, alicheka njia nzima. "Mpima!" alisema. "Nimefunza watu wengi, sijawahi kuitwa mpima." Tulikuwa tumekaribia barabara kubwa aliposema, "Huyo Simiyu ni ndugu mzuri."

"Mzuri? Mwalimu, alikuja na matusi, mdogo wao akaleta panga."

"Ndiyo. Aliogopa. Mtu haogopi kipofu kama hamhesabu. Simiyu anajua Barasa ako na haki ya shamba, ndiyo akang'oa vigingi." Akatembea kidogo. "Mimi nilipiga vigingi vyangu kwetu. Hakuna mtu alikuja kung'oa. Walipanda tu katikati yake."

Hivyo ndivyo nilivyosikia habari yake, njiani, bila yeye kutaka kusikitikiwa. Nilikuja kuijua zaidi kidogo kidogo, tukipukuchua maharagwe. Akiwa kijana, alipelekwa shule ya wasioona akafunzwa kusuka vikapu vya kutupia karatasi. Siku zile ofisi za serikali zilivinunua, na alidhani atasuka mpaka uzee. Kisha zikaja ndoo za plastiki na ofisi hazikuhitaji tena vikapu vya vipofu. Waliofanikiwa kupata nafasi wakapelekwa kufunzwa kilimo cha kamba. Alisema ule ndio mwaka aliokuwa na furaha zaidi. Alijua ana pa kwenda, maana baba yake alikuwa na shamba zuri, linateremka mpaka mtoni, na udongo wa kule chini, alisema, ukiushika unashikamana kama unga wa ugali uliomwagiwa maji kidogo.

Alipofika nyumbani na jembe lake jipya, baba alikuwa amekufa na shamba limegawanywa. Ndugu zake hawakumfukuza. Walifurahi kumwona, wakamchinjia kuku. Walimwambia wamemjengea chumba, na kwamba atakula kwa zamu, juma hili kwa huyu, juma lijalo kwa yule, mpaka Mungu atakapomchukua. Alipouliza kipande chake kiko wapi walishangaa. Kipofu atafanya nini na shamba, na chakula kipo? Alipiga vigingi vyake mahali alipokumbuka, kule chini mtoni. Wakapanda katikati yake, wakamwambia, "Pole, hatukujua ulikuwa unafanya kitu."

"Kama wangenipiga," aliniambia, "ningekaa nipigane."

Akaja Eldoret kufundisha.

Kituo hakikudumu. Wafadhili walipungua, karakana ikafungwa kwanza, kisha sweta, kisha shamba likakodishwa kwa mtu wa ngano. Leo ukipita pale utaona nyumba za kupanga, na hakuna anayeweza kukuonyesha mabweni yalikuwa wapi. Mwalimu alitolewa pamoja na wafanyakazi wengine. Alikuwa ameanza kununua kipande upande wa Burnt Forest, lakini vurugu za baada ya uchaguzi zikaja, aliyekuwa akimuuzia akahama na hakurudi, na waliobaki pale walisema hawamjui muuzaji wala mnunuzi. Hakwenda kudai. Alisema pale watu wamepoteza watoto, yeye ataingiaje na neno la kipande?

Alipanga chumba Munyaka, katika ploti ya nyumba za kupanga. Mwenye ploti alimkuta amejaza magunia ya udongo kando ya ukuta, sukuma wiki imeota kila upande wa gunia, akapiga kelele kwamba watu hawana pa kuanika nguo. Mwalimu akamuuliza amepanda nini. Yakaisha kwa mwenye ploti kupata sukuma yake kila Jumamosi. Wanawake wa ploti ile walimpenda na kumtania. "Mwalimu, leo gunia limezaa?" "Limezaa mapacha, leta sufuria."

Lakini gunia si shamba, na alijua. Kila msimu wa kupanda, Barasa alimtumia mtu wa boda boda akamleta kwetu. Tulimpa mistari yake, ile ya mwisho karibu na ua, akapanda na kamba ya Barasa. Alifika saa ya kupalilia, akafika saa ya kuvuna. Mahindi hakuyachukua. Tulimfungia gunia, tukamwekea kwenye pikipiki, naye akalishusha langoni. Nilikasirika siku moja, nikamwambia anatudharau. Alinishika mkono.

"Mama Nekesa, hii mistari nimeazimwa. Ya kuazimwa mtu anashukuru, halafu anarudisha. Mimi naitaka ile ambayo nikiiharibu hakuna mtu ataniuliza."

Barasa alitaka kumpa kipande kabisa, cha kwake. Tuliongea tukaafikiana. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Haya." Tulidhani amekubali. Kumbe alikuwa anasifu. Akaongeza, "Lakini hapa ni kwa watoto wako. Mimi niko na kwetu."

Sikuelewa wakati huo. Nilidhani ni kiburi, na kiburi kilikuwepo. Lakini sasa naona kwamba kwa miaka yote ile, akifundisha watu kulima mashamba ya baba zao, alikuwa akingoja aitwe.

Aliitwa. Kifua chake kilikuwa kibaya wakati huo, alitembea mpaka chooni akapumzika njiani. Nilikuwa chumbani kwake nimemletea maziwa, akabisha hodi kijana mwenye koti zuri, mtoto wa ndugu yake. Alisalimia vizuri, akaketi kitandani kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja.

"Baba Mdogo, wazee wamenituma. Wamesikia unaumwa."

"Umepanda nini?"

"Mimi niko Nairobi, Baba Mdogo."

"Pole."

Kijana akanitazama, nikatazama chini. Akaendelea. "Wazee wamekaa. Wamesema wewe ni mtoto wa ile boma kama wengine. Huwezi kulala ugenini. Wametenga mahali."

"Mahali pa nini?"

"Pa... si unajua. Ile siku ikifika. Ni kule chini karibu na mto, pazuri."

Mikono ya Mwalimu ilikuwa magotini, na niliona vidole vikisugua kitambaa cha suruali, kama mtu anayepima udongo.

"Kuna nini imepandwa hapo?"

"Hakuna kitu. Ni nyasi."

"Kubwa kiasi gani?"

"Baba Mdogo, kwani kaburi ni kubwa kiasi gani?"

"Basi waambie hivi. Nimeshukuru. Waambie wanipe hapo sasa, nikiwa na mikono. Hata kama ni mistari minne. Nipande, nivune, halafu wanizike katikati ya mabua, sitawasumbua."

"Lakini na hiyo hali yako..."

"Hali ni yangu. Watume gari kabla ya mvua."

Kijana aliahidi kuwaambia. Nadhani aliwaambia, alikuwa na uso wa mtu wa kweli. Wao wakasema nini, sijui.

Siku ya mwisho niliyomwona akiwa hai, nilimkuta ameketi kitandani, mlango wazi. Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Magunia ya sukuma alikuwa amewagawia wanawake wa ploti, kila mmoja lake. Kando yake palikuwa na jembe lenye mpini mpya na mfuko mdogo wa mbegu, na miguuni alikuwa amevaa gambuti za mpira za shambani, zimeoshwa, za kijani. Jirani aliniambia uani kwamba amekuwa akizivaa kila asubuhi na kuzivua akienda kulala, na kwamba hali chakula vizuri.

"Mwalimu, ni mimi."

"Mama Nekesa. Mmepanda nini?"

"Bado. Barasa ametayarisha shamba tu."

"Vizuri. Asiharakishe." Alikuwa akivuta pumzi kwa shida, maneno yakija mawili mawili. "Gari la kwetu halijafika. Barabara ya huko ni mbaya."

Nilikuwa nimekuja kumshawishi aende nami Kapseret, alale kwetu, nimpikie uji. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa.

"Wakija wanikose?"

Ndipo mvua ikaanza. Ilipiga mabati tone moja moja, kisha ikamwagika yote kwa pamoja. Wanawake walikimbia kuanua nguo wakipigana vikumbo na kucheka. Harufu ya vumbi lililolowa ikaingia mlangoni. Hiyo ilikuwa mvua ya kupandia, hata mimi niliijua, na yeye ndiye aliyenifundisha kuijua. Nilimtazama usoni, nikaogopa.

Mwalimu aliinua kichwa, akasikiliza kwa muda, mkono kwenye mpini wa jembe.

"Hii ni ya Eldoret," akasema. "Ya kwetu bado. Funga mlango kidogo, Mama Nekesa, mbegu zisilowe."